Malizia na Seli Isiyojua Kushiba

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi, na hata huko picha ilikuwa imefifia kiasi kwamba mlinzi wa getini alimtambua kwa tumbo. Hospitali nzima ilimwita Malizia. Jina hilo alilipata kihalali, kwenye kantini ya wafanyakazi, ambako kwa miaka ishirini na tisa hakuna sahani iliyorudi jikoni na kitu juu yake siku ambayo yeye alikuwepo. Na msidhani alikuwa mwombaji. Alikuwa na adabu zake. Alimaliza kwanza chakula chake, akajifuta mdomo, akaegemea kiti kama mtu aliyefunga shughuli za siku, kisha macho yakaanza kutembea mezani taratibu. Yakikuta ngozi ya kuku iliyosukumwa pembeni, au viazi vya kukaanga vitano ambavyo muuguzi fulani amevikinai, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Hiyo vipi, unaimalizia?"

Jibu lolote lilikuwa sawa kwake. Ukisema humalizii, amepata. Ukisema unamalizia, alikutakia heri na kukaa palepale akikutazama, na si watu wengi wanaoweza kutafuna huku wakitazamwa hivyo. Wengi waliishia kumsogezea sahani. Wapishi walimpenda. Waosha vyombo walimpenda zaidi.

Mwenyewe alikuwa na maelezo. Alizaliwa wa tano kati ya watoto tisa, waliokula kwenye sinia moja, na kwenye sinia lile asiye na kasi alikula harufu. Mama yao alipoona chakula kimebaki, hakupiga mtu wala kufoka. Alikaa kimya jioni nzima, na ukimya ule watoto waliuogopa kuliko fimbo. Malizia akakua akiamini kwamba chakula kilichoachwa ni mtu aliyetukanwa mahali fulani, na kwamba yeye ndiye wa kwenda kuomba radhi. Ni imani nzuri, mtu asiicheke. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa na mafuta mengi.

Kazi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye maabara ya vinyama. Madaktari wakikata kipande kidogo kutoka kwa mgonjwa, au kutoka kwa marehemu ili ijulikane kilichomuua, kipande hicho kililetwa kwa Malizia kikiwa kwenye kichupa cha dawa, na fomu yake imefungwa kwa raba. Yeye alikipitisha kwenye spiriti, kisha kwenye kemikali yenye harufu kali ya kuumiza kichwa, kisha akakizamisha kwenye nta ya moto mpaka kikagandamana nayo kuwa tofali dogo. Tofali likapoa, akaliweka kwenye mashine ya wembe na kuzungusha mkono wa mashine polepole, na kila mzunguko ulitoa utando mwembamba uliojikunja kama ngozi ya kitunguu. Utando huo aliuelesha kwenye maji ya uvuguvugu, akauokota kwa kioo, akautia rangi za waridi na zambarau, na hapo ndipo Daktari alipoutazama kwa hadubini na kuandika majibu. Ni kazi ya kubana pumzi. Ukipiga chafya, kazi ya siku mbili imeruka dirishani. Malizia, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa na vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote aliyewahi kukalia kiti kile, na alilijua hilo, na hakuwa na aibu ya kukukumbusha.

Umaarufu wake wa pili, baada ya ule wa kantini, ulikuwa somo lake. Kila kundi la wanafunzi wa uuguzi na udaktari lililopanda ghorofa ya tatu lilikalishwa mbele ya hadubini, likatazamishwa kipande cha mshipa wa moyo, likasimuliwa habari za Mlaji. Somo lilikuwa halibadiliki, hata vichekesho vyake vilikuwa na zamu zake.

"Mnaviona hivi vitundu vitundu, kama povu la sabuni?" alianza. "Kila mmoja wa hawa wenye povu ni seli, chembe hai, na kazi yake ni usafi. Huyu bwana anazunguka mwilini akiokota vilivyoachwa: vijidudu, seli zilizokufa, takataka yoyote. Sasa, mafuta mnayokula hayatembei kwenye damu ovyo ovyo. Yanafungwa kwenye vifurushi vidogo vidogo, na damu inavisambaza. Vifurushi vikizidi, baadhi vinapenya ndani ya ukuta wa mshipa, vinakwama humo, na vikikaa sana vinaharibika. Mwili ukiona kuna uchafu ukutani, unamwita nani?"

"Mlaji!" wanafunzi waliitikia. Alikuwa amewafundisha kuitikia.

"Mlaji. Naye anakuja mbio, maana ni mtumishi mwaminifu, hajui kukataa kazi. Anaingia ukutani, anaanza kula. Sasa nisikilizeni. Seli nyingine zikipata mafuta ya kutosha zinafunga mlango. Huyu, mlango anaopitishia mafuta yaliyoharibika hauna komeo. Anakula, anakula, anavimba, hawezi hata kutoka alikoingilia. Anawaita wenzake wamsaidie. Nao wakifika wanafanya nini? Wanakula. Mwisho anafia palepale, tumbo linapasuka, na yote aliyoyameza yanamwagika ukutani. Wanaokuja kumsafisha, nao wanavimba. Ukuta unafura kwa ndani, njia ya damu inakuwa nyembamba, na juu ya uvimbe kunabaki kigaga chembamba. Siku kigaga kikipasuka, damu inaganda hapo, njia inaziba. Na moyo haujui kusubiri."

Kila mara alijitokeza mwanafunzi mmoja mwerevu aliyeuliza kwa nini basi ndani ya vitundu hakuna kitu, mafuta yako wapi. Malizia alilisubiri swali hilo kama mtu anayesubiri chai.

"Mafuta tumeyaosha sisi," alisema. "Kemikali zangu zinayeyusha yote kabla sijakata. Unachokiona ni nafasi tu ya vitu alivyokuwa amevijaza. Usimwone mtupu ukamhurumia. Huyu alikufa ameshiba."

Wakacheka, wakapiga makofi, na Malizia akateremka nao mpaka kantini, akakaa katikati yao, na ngozi za kuku za watu saba waliotoka kusikiliza somo lile zikapata mtu wa kuzimalizia. Mimi sisemi kitu. Nasimulia tu kama ilivyokuwa.

Basi mwaka huo, mwezi wa pili, lifti ya jengo ilikufa. Fundi alikuja, akaifungua, akaitazama kwa huzuni, akaifunga. Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa mtu wa ngazi. Wiki ya kwanza Malizia aligundua kwamba akishapita ghorofa ya kwanza, kabla hajafika ya pili, kifua chake kinabanwa, kama mtu mzito amekikalia ili afunge kamba za viatu kwa nafasi. Mkono wa kushoto nao unakufa ganzi na maumivu yanapanda mpaka kwenye taya. Akisimama dakika mbili tatu, yule mtu anamaliza kufunga kamba zake na kuondoka.

Siku ya kwanza alisingizia gesi. Siku ya pili alisingizia viatu. Alisingizia mkanda wa suruali, mkoba, mto wa kulalia, na umri. Lakini huwezi kusimama katikati ya ngazi umeshika ukuta watu wasikuulize, na hapo ndipo alipouona ubao wa matangazo. Ulikuwa umetundikwa kwenye kituo cha ghorofa ya pili, mahali hasa alipohitaji kusimama, kana kwamba aliyeutundika alikuwa na kifua kama chake. Malizia akawa msomaji.

Aliusoma ubao ule asubuhi, mchana baada ya kantini, na tena kama ametumwa chini. Tangazo la namna ya kutumia kizima-moto alilisoma mara nyingi kuliko aliyeliandika. Alijua ratiba za zamu za wodi ambazo hazikumhusu, alijua nani kapoteza funguo na nani kaziokota. Watu wakaanza kumwuliza yeye badala ya kusoma wenyewe: "Malizia, kikao ni saa ngapi?" Akajibu papo hapo, na chumba pia akataja. Mwezi wa nne wafanyakazi walimpendekeza kuwa katibu wa umoja wao, wakasema hawajawahi kuona mtu anayefuatilia mambo ya kazini kwa moyo wote namna ile. Alikataa kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wake ukampandisha chati zaidi.

Alikuwa anajua. Hapa hatuna haja ya kumfichia. Katika jengo zima la ghorofa tatu, mtu wa mwisho aliyekuwa na ruhusa ya kusema hajui ni yeye. Mishipa aliyoikata ilifika ikiwa na fomu, na fomu alizisoma: alianguka ghafla, alianguka kituoni, alikutwa kwenye ngazi. Baba yake mwenyewe alianguka mlangoni pa nyumba yao na ndoo ya maji mkononi, akiwa na miaka hamsini na miwili. Malizia alikuwa na hamsini na sita, na ile minne ya ziada aliichukulia kama vile amepita bila kuonekana. Alikuwa na wazo la kitoto, la mtu mzima aliyeogopa sana, kwamba jambo lisiloandikwa kwenye fomu bado halijatokea. Kwa hiyo kila siku alipanda zile ngazi, na kila siku kile kigaga chembamba alichowasimulia wanafunzi kingeweza kupasuka, naye akaendelea kusoma habari za kizima-moto.

Jumanne moja ya mwezi wa sita alifika kituo cha ghorofa ya pili akiwa hoi kuliko kawaida. Akashika kifua kwa mkono mmoja, wa pili akauinua na kufuata mistari kwa kidole, kama alivyozoea, huku akichezesha midomo ili anayepita aone kazi inaendelea.

"Mzee," sauti ikasema nyuma yake. "Unasoma nini?"

Alikuwa mfagizi wa ngazi, mwanamke mfupi mwenye ndoo moja na matambara mawili, asiye na cheo chochote hospitalini na aliyeogopwa na wenye vyeo vyote.

"Tangazo, dada," Malizia alisema bila kugeuka.

"Lipi?"

Hapo ndipo alipoutazama ubao. Ulikuwa mtupu. Jana yake jioni mafundi rangi walikuwa wamebandua kila karatasi ili wapake ukuta, wakang'oa mpaka pini, na kilichobaki kilikuwa kitambaa cha kijani chenye matundu. Malizia alikuwa amekisoma kwa kidole mstari kwa mstari, na alikuwa amefika katikati.

"Naangalia hiki kitambaa," alisema. "Kimechakaa. Inabidi waambiwe."

Mfagizi alicheka. Alicheka mpaka akaigeuza ndoo na kuikalia, akajifuta macho kwa tambara lile safi. Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Mzee, kaa chini."

"Nina kazi juu, kuna vinyama vinanisu..."

"Nimesema kaa."

Akakaa kwenye ngazi.

"Mimi nafagia ngazi hizi mwaka wa saba," mfagizi alisema. "Anayepumzika kwa uzee namjua, anashika kiuno. Anayepumzika kwa uvivu namjua, anashika simu. Wewe unashika hapa." Akajigonga katikati ya kifua. "Na hilo jasho lote la nini, na baridi hii?"

"Gesi tu, dada yangu."

"Gesi haingoji ngazi, Mzee."

Malizia akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Sikiliza," mfagizi alisema akisimama. "Mimi leo naanzia ghorofa ya tatu nikiteremka. Nikifika chini niwe nimesikia umemwambia daktari wako. Kama hujamwambia, nitamwambia mimi, na sauti yangu unaijua."

Aliijua. Jengo zima liliijua.

Daktari wake wa maabara alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yake wa kwanza, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na watu bila kuinua macho kwenye hadubini. Malizia aliingia na trei ya vioo, akaiweka mezani, akaipanga iliyokuwa imeshapangwa.

"Daktari, nina jirani yangu," alianza.

"Ehe."

"Akipanda ngazi kifua kinambana."

"Akipumzika?"

"Kinaachia. Dakika mbili tatu."

"Mkono?"

"Wa kushoto. Na taya, lakini taya kidogo tu."

"Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

Daktari alisogeza kioo kidogo. "Anakula nini huyo jirani?"

"Vya kawaida. Cha kwake tu."

"Na cha wenzake?"

Malizia akahamisha kioo kimoja kwenye trei, akakirudisha.

"Anasaidia saidia," Malizia alisema.

"Anapanda mpaka ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu," alijibu haraka, kabla akili haijaufikia mdomo.

Daktari aliinua macho. Malizia alikuwa amefanya naye kazi miaka sita na hakukumbuka kama alishawahi kutazamwa hivyo, uso kwa uso, bila kioo katikati. Alitegemea atachekwa, na alikuwa tayari kuchekwa, kuchekwa alikuzoea. Daktari hakucheka. Alisimama akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kimya kimya.

"Mzee wangu," alisema, "mimi sitaki nije nikusome kwenye hadubini."

Ilikuwa saa nne na nusu. Saa tano Malizia alikuwa ghorofa ya chini, kitengo cha moyo, ameteremshwa na wahudumu wawili kwa kiti huku akilalamika kwamba kuteremka hakumsumbui. Walimbandika nyaya kifuani, wakampima damu na presha, wakamtafunisha kidonge. Daktari wa moyo, mwanamume mkavu asiyependa maneno mengi, aliisoma karatasi ya kipimo na kusema atalazwa, na kesho asubuhi mshipa utaangaliwa kwa mrija. Malizia akauliza kwa sauti ndogo kama ni zile ngozi za kuku.

"Usizisingizie peke yake," daktari alisema. "Presha yako iko juu, baba yako alikufa hivi, na umri huo. Vyote vimechangia. Ila ngozi za kuku nazo hazichomoki."

Ikabaki kumpigia mke wake simu. Hilo aliliogopa kuliko mrija.

"Mama watoto, niletee nguo za kulalia."

"Za nini?"

"Za kulalia."

"Najua za kulalia ni za kulalia. Saa sita mchana za nini?"

Mke wake alikuwa fundi wa nguo, na alifika wodini mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni na pini mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Hakusalimia mtu. Aliweka mfuko kitandani, akazitazama nyaya, akaitazama mashine iliyokuwa ikichora milima midogo ya kijani, akavuta kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu lifti ife."

"Lifti imekufa lini?"

"Mwezi wa pili."

Akahesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji vidole. "Huu ni wa sita."

Malizia akalishughulikia shuka, akalinyoosha mahali lilipokuwa limenyooka.

"Kuna nini humo kifuani?" mke wake aliuliza. "Nieleze. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nieleze kama unavyowaeleza hao wanafunzi wako unaotamba nao."

Ndipo Malizia alipogundua kitu cha aibu. Alikuwa amewasimulia watu labda elfu moja habari za Mlaji, na mkewe hakuwamo. Kwa miaka yote hiyo, akiulizwa nyumbani kazi ilikuwaje, alijibu "tumekatakata tu", akavuta sahani. Akaanza somo. Alianza vizuri, vifurushi vya mafuta, ukuta, mtumishi mwaminifu asiyejua kukataa kazi. Alipofika mahali pa kuitikia, alisita kumpa nafasi, na mke wake hakuitikia kitu. Alipofika kwenye mlango usio na komeo, ambapo watu huanza kucheka, mke wake alikuwa anamtazama tu, mkono umeshika mkanda wa kupimia pande zote mbili.

"Anaita wenzake," Malizia alisema. "Wanakuja, nao wanakula. Mwisho anafia pale..."

Akaitazama ile mashine ya milima ya kijani.

"Halafu?" mke wake aliuliza.

"Halafu naogopa," alisema Malizia. "Naogopa, mama watoto. Kila siku kwenye zile ngazi nilikuwa naogopa."

Machozi yakamshuka, akayaacha. Mke wake akachomoa leso mfukoni, akamfuta uso kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika, maana hasira ilikuwa bado haijaisha.

"Huo uoga ungeuleta nyumbani mwezi wa pili," alisema, "tungeugawana. Umekaa nao peke yako miezi minne kama mali. Mchoyo wewe."

Kati ya majina yote aliyowahi kuitwa, mchoyo lilikuwa jipya, na lilimwingia mpaka ndani. Hakujitetea. Aliomba radhi, mara mbili, kwa maneno ya kawaida kabisa. Mke wake alisema amesikia, akafungua mfuko, akatoa nguo za kulalia ambazo alikuwa ameshazipunguza kiuno njiani kwa matumaini.

Kesho yake asubuhi wakampeleka kwenye chumba chenye baridi, wakamlaza juu ya kitanda chembamba, wakamtia ganzi kwenye kifundo cha mkono na kuingiza mrija mwembamba wa kufika mpaka kwenye moyo. Hakulazwa usingizi. Pembeni yake palikuwa na kioo kikubwa cha mashine, na daktari mkavu alimwambia akitaka anaweza kutazama, wengine hawapendi. Malizia alitaka. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, na kichwani alikuwa ameshaandaa maoni mawili matatu ya kitaalamu ili daktari ajue anashughulika na nani.

Daktari akasukuma dawa ya rangi kwenye mrija. Kwenye kioo ukachomoza mshipa, mweusi, wenye matawi kama mzizi mdogo uliong'olewa. Mahali pamoja ulikuwa umekonda mpaka ukawa kama uzi. Malizia alipajua hapo. Angeweza kumweleza daktari kila kilichomo ndani ya ukuta ule, nani kaja kwanza, nani kamfuata, nani kafia wapi. Lakini hakusema neno, kwa sababu mshipa ule ulikuwa unaruka.

Maelfu ya mishipa ya moyo ilikuwa imepita mikononi mwake, na yote ilifika kwenye kichupa, imetulia, na fomu yake. Hakuna hata mmoja uliowahi kutikisika. Huu ulijikunja na kujinyoosha, ukajikunja na kujinyoosha, na matawi yake yote yakaruka nao, kila pigo, bila kuchoka, pamoja na ule uzi mwembamba katikati ambao ndio uliopitisha uhai wake wote ngazini miezi minne. Ulikuwa ukifanya kazi. Alikuwa akiudharau na kuukimbia, na wenyewe ulikuwa ukifanya kazi.

"Mzee, unaumia?" daktari aliuliza, maana uso wa Malizia ulikuwa umelowa.

"Siumii," alisema. "Endelea, Daktari."

Waliingiza kijibomba cha waya mahali palipokonda, wakakitanua, na tawi zima likajaa rangi mpaka ncha. Kulichukua muda mfupi kuliko kukata kinyama kimoja. Maoni yake ya kitaalamu aliyasahau yote.

Aliporudishwa wodini mke wake alikuwa amekaa palepale kitini. Malizia alilazwa, akafunikwa.

"Unacheza," alisema.

"Nini kinacheza?"

"Mshipa. Nimeikata miaka ishirini na tisa, mama watoto, sijawahi kuona mmoja unacheza. Wangu nimeuona leo. Kila pigo unaruka, hivi, hivi." Alijaribu kuonyesha kwa vidole, akivikunja na kuvinyoosha.

Mke wake alimvutia shuka mpaka kifuani.

"Kwani ulitaka utulie?" alisema.

Akaushika mkono wake usio na bandeji, akaubana, na muuguzi alipokuja na mashine ya presha akiutaka mkono huohuo, alimwambia asubiri kidogo.